Dubai, mji wa hori uliojengwa na wageni

Ukilitaja jina la Dubai mbele ya mfanyabiashara wa Kariakoo, Darajani au Eastleigh, mambo ya kwanza yatakayomjia akilini ni simu, magari, vitambaa na dhahabu. Kwa kijana anayetafuta kazi, Dubai ni visa na mshahara wa dirham. Kwa mtazamaji wa televisheni ni mnara wa Burj Khalifa, wenye urefu wa mita 828, ambao ulizinduliwa tarehe 4 Januari mwaka 2010. Wengi wanaamini kwamba mji huo umeota jangwani ghafla kama uyoga kwa sababu ya mafuta. Ukweli ni kwamba Dubai ilikuwa mji wa bandari na biashara miaka mingi kabla ya tone la kwanza la mafuta kuuzwa, na katika historia hiyo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana sehemu ambayo ni nadra kutajwa.

Katika makala yetu ya leo tutautupia jicho mji huo tangu zama za kale hadi hivi sasa. Tutajaribu pia kujibu swali moja ambalo linawahusu wasomaji wetu wengi: ni nani hasa aliyeijenga Dubai, na aliyeijenga amepata nini?

Zama za kale

Tunaanzia jangwani. Mwaka 2002 yaligunduliwa kusini mwa Dubai, katikati ya vilima vya mchanga, mabaki ya mahali panapoitwa Saruq al-Hadid. Wataalamu wa mambo ya kale walikuta hapo silaha, vyombo na mapambo ya shaba, chuma na dhahabu, pamoja na dalili za karakana za wahunzi waliofanya kazi takriban miaka elfu tatu iliyopita. Na huko Jumeirah, eneo ambalo leo linasifika kwa hoteli na majumba ya kifahari, uchimbaji ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifichua mji mdogo wa zama za watawala wa Bani Abbas, wenye msikiti, nyumba na mahali pa kupumzikia misafara iliyopita kati ya Iraq na Oman.

Hata hivyo, kwa karne nyingi Dubai haikuwa na jina kubwa katika bahari hii yetu. Mwaka 1331, wakati msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa, Kilwa ilikuwa dola ya kibiashara iliyotengeneza sarafu zake yenyewe. Jina la Dubai tunalikuta kwa uwazi mwaka 1580, pale mfanyabiashara wa vito kutoka Venice, Gasparo Balbi, alipoliorodhesha miongoni mwa sehemu za Ghuba zinazopatikana lulu. Hivyo tangu mwanzo mji huu ulijulikana ulimwenguni kwa bidhaa ya baharini.

Jambo lililoipa Dubai uhai ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kiasi cha kilomita 14 na kuugawa mji sehemu mbili, Deira na Bur Dubai. Waarabu wanauita Khor Dubai. Neno hilo si geni kwa mtu wa Lamu au Pemba, kwani ni lile lile ambalo sisi tunalitamka hori. Ndani ya hori hilo vyombo vilipata mahali pa kutia nanga bila kuogopa mawimbi na upepo. Pembeni yake ilijengwa ngome ya Al Fahidi, ambayo mwaka wa kujengwa kwake unatajwa kuwa ni 1787, na ambayo tangu mwaka 1971 imekuwa makumbusho ya mji.

Watu 800 kutoka Abu Dhabi

Mwaka 1833 ulikuwa mwaka wa mageuzi. Watu wapatao 800 wa ukoo wa Al Bu Falasah, ambao ni tawi la kabila la Bani Yas, waligombana na mtawala wao wa Abu Dhabi wakahama na kuja kukaa Dubai. Viongozi wao walikuwa Obaid bin Said na Maktoum bin Butti. Obaid alifariki mwaka 1836, na Maktoum akatawala peke yake hadi mwaka 1852. Watawala wa Dubai wa leo wanatokana na ukoo huo. Kwa maneno mengine, hata ukoo wa watawala ulifika hapo kama wahamiaji.

Maisha ya mji huo mchanga hayakuwa mepesi. Mwaka 1841 ndui ililipuka Bur Dubai na watu wengi wakavuka hori kukimbilia Deira. Mwaka 1894 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Deira, ambako nyumba nyingi zilikuwa za makuti ya mtende. Wakati huo Waingereza walikwisha jiimarisha katika Ghuba kwa kuwafunga masheikh wa pwani hiyo kwa mikataba, kuanzia ule wa mwaka 1820 hadi ule wa mwaka 1892, ambao uliwazuia kuwa na uhusiano na dola nyingine yoyote bila ya idhini ya Uingereza.

Katika mazingira hayo ndipo mtawala Maktoum bin Hasher, aliyeshika hatamu kuanzia mwaka 1894 hadi 1906, alipochukua uamuzi ambao athari yake inaonekana mpaka leo. Aliwaondolea ushuru wafanyabiashara wa kigeni. Upande wa pili wa Ghuba, katika bandari ya Lingeh nchini Iran, serikali ilikuwa inapandisha ushuru wa forodha. Matajiri wa Lingeh walihamisha bidhaa zao na familia zao, wakaja kujenga Dubai nyumba za mawe zenye minara ya kunasa upepo. Mtaa wao ulipewa jina la Bastakiya, kutokana na mji wa Bastak walikotoka wengi wao. Wafanyabiashara wa Kihindi nao wakaongezeka, na mwanzoni mwa karne ya 20 meli za kampuni ya British India zikaanza kutia nanga Dubai. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dubai iliigeuza methali hiyo kuwa siasa ya uchumi.

Boriti za Lamu na Rufiji

Hapa tusimame kidogo tuangalie kilichokuwa juu ya vichwa vya watu ndani ya nyumba hizo. Ghuba haina misitu ya kutoa mbao za kuezekea. Boriti zilizobeba mapaa ya nyumba za mawe za Dubai zilikatwa katika mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, yakiwa yamepakia tende, chumvi na samaki wakavu. Yalirudi na kusi yakiwa na boriti. Vyumba vya nyumba za kale za Dubai ni vyembamba kama vile vya Lamu, na sababu ni hiyo hiyo moja: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Biashara hiyo ilififia saruji na chuma vilipoingia Ghuba, na Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Lakini majahazi hayakubeba boriti tu. Yalibeba pia watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri.

Uchumi wa Dubai wakati huo ulisimama juu ya lulu. Kila majira ya joto mamia ya vyombo yaliondoka horini kwenda kwenye vitanda vya chaza, na kurudi baada ya miezi kadhaa. Mpiga mbizi alifunga jiwe mguuni, akabana pua, akazama mara nyingi kwa siku kwa pumzi moja moja, huku mwenzake akimngoja juu na kamba. Wapiga mbizi walipewa na manahodha malipo ya awali ili familia zao zipate chakula, na deni hilo mara nyingi halikuisha. Baba akifariki, liliweza kumwangukia mwana.

Miongoni mwa wapiga mbizi hao walikuwemo watumwa wengi wenye asili ya Afrika Mashariki. Mapato yao yalichukuliwa na mabwana zao. Mkataba wa mwaka 1847 uliwakataza masheikh wa pwani hiyo kuingiza watumwa kutoka Afrika kwa njia ya bahari, na mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini biashara hiyo iliendelea kwa siri kwa sababu lulu ilikuwa na soko kubwa Ulaya na Marekani. Katika kumbukumbu za utawala wa Kiingereza wa Ghuba yamehifadhiwa maelezo ya mamia ya watumwa waliokwenda kwa maafisa wa Kiingereza kuomba hati za uhuru. Utumwa katika falme hizo ulikomeshwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960 tu.

Athari za watu hao zipo mpaka leo. Ngoma ya lewa, inayochezwa kwenye harusi na sherehe katika Umoja wa Falme za Kiarabu na nchi jirani, ina zumari na ngoma ambazo mtu wa Mrima atazitambua mara moja, na ndani ya nyimbo zake yamebaki maneno ya Kiswahili ambayo mara nyingine waimbaji wenyewe hawajui tena maana yake.

Lulu inaanguka

Kuanzia mwaka 1929 mambo mawili yalikutana. Msukosuko wa uchumi wa dunia uliwafanya matajiri wa New York na Paris waache kununua vito, na wakati huo huo lulu za kufugwa za Japani, ambazo msingi wake uliwekwa na Mikimoto Kokichi, ziliingia sokoni kwa bei ndogo. Katika muda wa miaka michache riziki ya Dubai ilitoweka. Wafanyabiashara walifilisika, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili njaa iliingia majumbani.

Umaskini huo ulizaa madai ya kisiasa. Mwezi Oktoba 1938 wafanyabiashara na baadhi ya watu wa ukoo wa mtawala walimlazimisha Sheikh Saeed bin Maktoum akubali kuundwa baraza la kusimamia mapato na matumizi. Baraza hilo lilishughulikia forodha, shule na usafi wa mji. Mwezi Machi 1939 lilivunjwa kwa nguvu, na tangu hapo Dubai haijapata tena baraza la namna hiyo.

Sheikh Rashid bin Saeed alipochukua madaraka mwaka 1958, hori lenyewe lilikuwa linakufa. Mchanga ulikuwa unalijaza, na jirani yake Sharjah alikwisha poteza biashara nyingi kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Rashid alikopa fedha Kuwait, akachanga na wafanyabiashara, na kazi ya kuongeza kina ikakamilika mwaka 1961. Uwanja wa ndege ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja kabla. Daraja la Al Maktoum, lililounganisha Deira na Bur Dubai, lilifunguliwa mwaka 1963. Yote hayo yalifanyika kabla ya mafuta, ambayo yaligunduliwa baharini mwaka 1966 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1969. Mafuta yaliikuta Dubai ikiwa tayari bandari. Tarehe 2 Disemba 1971 mji huo ulijiunga na Abu Dhabi na falme nyingine kuunda Umoja wa Falme za Kiarabu.

Wakimbizi wa mwaka 1964

Kipindi hicho ndipo lilipoingia wimbi jingine kutoka kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Kiarabu walikikimbia kisiwa. Wengi wao walikuwa na asili ya Oman, lakini Sultani Said bin Taimur wa Oman hakuwa tayari kuwafungulia mlango wote. Baadhi yao wakaangukia Dubai, Abu Dhabi na Kuwait. Walikuwa wamesoma na kujua Kiingereza, jambo ambalo lilikuwa adimu katika Ghuba ya wakati ule, hivyo walipata kazi maofisini, mabenki na mashuleni. Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita nyumbani na wengi walihamia Muscat. Wengine walibaki Dubai, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiarabu barabarani na Kiswahili jikoni.

Si wote waliopata uraia. Miongoni mwa watu wasio na utaifa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, wale wanaoitwa bidun, wamo wenye asili ya Zanzibar. Mwezi Novemba 2008 bunge la Comoro lilipitisha sheria ya kuuza uraia, na maelfu ya watu hao walipewa pasipoti za Comoro, nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuikanyaga. Mtu aliyezaliwa Dubai, na wazazi wake wakazikwa Dubai, anakuwa kwenye karatasi raia wa visiwa vya mbali.

Bandari inayonunua bandari

Sheikh Rashid hakuyaamini mafuta. Mwaka 1972 alifungua Bandari ya Rashid, ambayo katika mpango wa mwanzo ilikuwa na magati manne na ikamalizika na magati 16. Mwaka 1979 ikafuata bandari kubwa zaidi ya Jebel Ali, ambayo baadhi ya washauri waliiona kuwa ni upotevu wa fedha. Mwaka 1985 eneo huru la biashara lilianzishwa Jebel Ali, na mwezi Oktoba mwaka huo huo shirika la ndege la Emirates likaruka kwa mara ya kwanza. Siasa ilikuwa ile ile ya Maktoum bin Hasher: ondoa ushuru, wageni watakuja.

Na walikuja. Milango ya biashara ilipofunguliwa Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990, Dubai iligeuka ghala la Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wetu, wakiwemo wanawake wengi, walijifunza njia za Deira na Naif kama wanavyozijua za Kariakoo.

Mwaka 2006 kampuni ya bandari ya Dubai, DP World, iliinunua kampuni kongwe ya Kiingereza ya P&O. Ni vyema kuashiria hapa kwamba P&O ndiyo iliyoungana mwaka 1914 na British India, kampuni ambayo meli zake ziliunganisha Zanzibar na dunia tangu miaka ya 1870, na ambayo ndiyo iliyoifanya Dubai kituo chake mwanzoni mwa karne ya 20. Mji uliokuwa ukiomba meli zisimame umemnunua mwenye meli.

Sasa mkono huo umefika kwetu. Djibouti iliipa DP World gati la makontena la Doraleh, kisha mwaka 2018 ikavunja mkataba huo na kuingia katika kesi ndefu. Tanzania nayo, baada ya mjadala mkali bungeni na mitaani, ilitia saini tarehe 22 Oktoba 2023 mjini Dodoma mkataba wa miaka 30 unaoipa DP World uendeshaji wa sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam. Waliouunga mkono walisema meli zitahudumiwa haraka. Walioupinga waliuliza kwa nini nchi yenye pwani ndefu na historia ya Kilwa ishindwe kuendesha gati lake yenyewe. Kwa maoni yetu swali hilo halimalizwi na saini. Hori la Dubai lilipojaa mchanga, Dubai iliomba mkopo na wataalamu, lakini hori lilibaki mikononi mwake.

Mgeni na jembe

Katika sensa ya mwaka 1968 Dubai ilikuwa na watu wapatao 59,000. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 walikuwa zaidi ya milioni 3 na laki 6. Kati yao raia wenyewe hawazidi mmoja kwa kila kumi. Waliobaki ni Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Wamisri, Wakenya, Waganda, Watanzania na wengineo, ambao haki yao ya kuishi hapo imefungwa na kazi au mtaji wao. Msukosuko wa fedha ulipoikumba Dubai mwaka 2009, na Abu Dhabi ikalazimika kutoa dola bilioni 10 kuyaokoa makampuni yake, maelfu waliopoteza kazi walipoteza na ukaazi wao.

Kumekuwa na mabadiliko. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa majumbani iliwapa siku moja ya mapumziko kila wiki na haki ya kukaa na pasipoti zao wenyewe, na sheria iliyofuata mwaka 2022 ikaendeleza haki hizo. Tangu mwaka 2019 ipo pia visa ya muda mrefu kwa wawekezaji na wenye vipaji maalumu. Ni muhimu kwa kila binti na kijana anayeondoka Mombasa, Tanga au Entebbe ajue kabla ya kupanda ndege kwamba mwajiri anayemnyang'anya pasipoti anavunja sheria ya nchi hiyo. Mawakala wengi hawamwambii.

Tuliuliza mwanzoni, aliyeijenga Dubai amepata nini? Wafanyabiashara wa Lingeh walipata utajiri, na wengi wao hatimaye wakapata uraia. Mtumwa aliyezamia lulu hakupata hata jina kwenye ukuta. Mkimbizi wa Unguja alipata kazi, na mara nyingine pasipoti ya Comoro. Mfanyakazi wa leo anapata mshahara, ambao kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ndio ada ya shule na bati la nyumba, na hilo si jambo dogo la kudharauliwa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dubai inatoa jembe siku ile ile ya kwanza. Lakini katika desturi yetu, aliyelima nawe miaka na miaka huacha kuitwa mgeni, na hatua hiyo Dubai bado haijaifikia.